Land Rover 109 ya ba'mkubwa: oili ilikuwa inaenda wapi?

Ba'mkubwa ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo kaandika kila lita ya oili aliyoitia Land Rover yake toka alipostaafu. Tarehe, kilomita, lita, hela. Januari mwaka jana nimekaa barazani kwake Tabata nasubiri chai nikalichukua nikaanza kujumlisha kwa simu, matokeo yenyewe sikuyaamini nikarudia mara mbili: lita moja kila kilomita 180. Na kinachouma zaidi, kurasa za mwanzo kabla injini haijafanyiwa overhoo ilikuwa inakula lita moja kwa kilomita 300 hivi. Yani injini imefunguliwa, imelipiwa, imefungwa, na ulaji wa oili ukapanda.

"Ba'mkubwa, hii umeiona?"

"Naiona kila wiki mwanangu, we ndo umeiona leo."

Gari yenyewe ni 109 Series III ya mwaka 1977, ya petroli, yenye ile injini ya 2.25 ambayo Land Rover waliianza 1958. Silinda nne, kipenyo milimita 90.47, pistoni inatembea milimita 88.9, jumla cc 2,286. Ya kwake ni ya krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye beringi kuu tatu, zile za beringi tano zilikuja 1980. Ilikuwa ya misheni huko kusini akainunua ikiwa imelala chini ya mwembe. Watu wa umri wake ukiwatajia Land Rover wanakumbuka bwana shamba, bwana afya, mkuu wa wilaya na vumbi, sasa Oktoba 2024 kulivyofanyika tamasha la Land Rover Arusha mzee alishajiandaa mpaka kofia, akaghairi dakika za mwisho kwa hesabu tu. Arusha ni kilomita 600 na ushee, kwenda na kurudi ni oili lita saba hivi. "Ntakuwa nasafiri au nasambaza oili?"

Ile overhoo ya mwanzo ilifanywa na fundi wa jirani, jina lake halihusiani hapa. Alibadilisha ringi (zile pete zinazoizunguka pistoni), beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na gasketi. Mzee aliporudi na moshi akaambiwa injini mpya lazima ijizoeshe, aliporudi tena akaambiwa atie oili nzito namba 50, mara ya tatu akauziwa kopo la dawa ya kuzuia moshi. Hii safari ya tatu ndo ilinikera, maana dawa ya hivyo inaongeza uzito wa oili ukae vizuri wiki moja, ukimaliza wiki moshi uko palepale na hela haipo.

Nilipoanza kuuliza uliza, gereji tatu tofauti, Ilala, Tabata na Gerezani, wote waliniambia neno moja: ringi. Hawajaona gari, hawajasikia mlio, ringi. Kwa hiyo mi nikasema safari hii hakuna spana inayogusa injini mpaka tujue oili inatokea mlango gani. Maana milango iko minne tu. Inadondoka chini kwenye sili na gasketi, au inashuka toka juu kwenye gaidi za vali (gaidi ni kile kibomba ambamo vali inapanda na kushuka, sio yule wa bunduki), au inapanda toka chini inapita kwenye ringi, au inabebwa na upepo unaotoka kwenye tundu la kupumulia la injini na kurudi kwenye kabureta ikaungua. Kila mlango una dalili yake na kila mlango una bei yake, kuna wa elfu tano na kuna wa laki saba.

Tukaanza chini. Kwenye hizi Land Rover, chini kabisa ya nyumba ya flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) kuna tundu dogo ambalo linatakiwa liwe wazi siku zote, na kuna bolti yake ya kulizibia pale tu unapotaka kuvuka mto, maji yasiingie kwenye klachi. Tundu likidondosha oili ya injini ujue sili ya nyuma ya krenki inapitisha. La mzee lilikuwa limezibwa. Nikamuuliza unavuka mto gani hapa Tabata, Msimbazi? Akasema fundi alilifunga kuzuia kuvuja! Nikalegeza ile bolti ikatoka oili karibu kikombe cha chai, nyeusi tii, na hapo hapo tukapata jibu la kwa nini klachi ilikuwa inateleza akipanda mlima na mzigo. Kuvuja hakukuzuiwa, kulifichwa, oili ikahamia kwenye sahani ya klachi.

Kitu cha pili ni kisafisha hewa. Hii gari haitumii ile filta ya karatasi, ina bakuli la oili, hewa inapita juu ya oili vumbi linanasa humo. Kuna mstari wa kiwango. Yake ilijazwa mpaka imepita mstari kwa vidole viwili, nadhani mtu aliona "ikizidi itasafisha zaidi", matokeo yake ukikanyaga mafuta kwa nguvu kabureta inavuta ile oili kwa mdomo. Tukapunguza, dakika kumi, bure.

Halafu tukaenda kuangalia moshi, na hapa nasisitiza moshi uangaliwe barabarani sio gereji. Pale gereji mtu anapiga resi mara mbili anasema "unaona?", unaona nini sasa. Tuliichukua alfajiri mpaka Kimara, ikapata moto vizuri, tukageuza, mteremko wa kuja Ubungo nikaweka gia namba tatu nikaachia mafuta kabisa, mdogo wangu yuko nyuma kwenye bodaboda anarekodi. Tunafika chini nikakanyaga. Kwenye video unaona wingu la bluu linamfunika, na unamsikia dereva wa boda anamwambia "kaka mi nina kifua". Hiyo ni dalili ya gaidi na sili za vali: ukiachia mafuta kabureta imeziba, pistoni bado zinavuta, ndani ya manifodi (njia ya hewa toka kabureta kwenda silinda) kunakuwa na mvuto mkali sana na ule mvuto unafyonza oili iliyoko juu kwenye hedi (kichwa cha injini) ipite pembeni ya vali ya kuingizia. Inajikusanya, ukikanyaga inaungua kwa mkupuo. Lakini pia wakati wa kupanda kurudi Kimara, injini ikiwa inavuta kwa nguvu, kulikuwa na moshi mwembamba wa muda wote, na huo kwa kawaida ni wa ringi. Kwa hiyo milango miwili ya ndani yote iko wazi. Nilitamani iwe mmoja.

Vipimo sasa. Presha ya oili nilipima kwa geji ya kufunga moja kwa moja kwenye bloku, sio ile ya kwenye dashibodi ambayo kwa umri wake inasema inachojisikia. Injini ya moto, mizunguko 2,000, ikasoma psi 42. Kwa injini hii kati ya 35 na 65 ni salama. Hii ilikuwa habari njema kuliko inavyoonekana, maana beringi za konrodi zikilegea zinarusha oili nyingi kupita kiasi kwenye kuta za silinda na hapo hata ringi mpya zinazidiwa. Presha ikiwa nzuri na hakuna mgongano chini, huo uwezekano unakaa pembeni.

Kompresheni kavu, yani kila silinda inabana hewa psi ngapi kabla ya kutia oili: 138, 140, 106, 133. Nikatia kijiko cha oili kila silinda nikarudia, ya tatu ikapanda mpaka 141, nyingine zikapanda kidogo tu. Oili inaziba upenyo wa pembeni ya pistoni kwa muda, kwa hiyo silinda ya tatu ina tatizo la ringi au ukuta, hilo halina mjadala. Lakini ona pia, tatu kati ya nne zinabana vizuri tu, na bado gari inakula lita kwa kilomita 180. Mtu anaweza kuwa na kompresheni nzuri na ringi ya oili mbovu, ni ringi mbili zenye kazi tofauti, hiki ni kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka.

Kipimo nilichokipenda zaidi kilitoka kwa fundi ujenzi. Nilitaka kujua ndani ya injini kuna presha kiasi gani inayosukuma, geji ya kupima presha ndogo hivyo sina na sikuipata Kariakoo. Jirani alikuwa anajenga ukuta, nikaazima ule mpira wao mweupe wa leveli, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, maji nusu, ncha moja nikaifunga kwenye tundu la kijiti cha oili na kipande cha tyubu ya baiskeli. Injini ikinguruma mizunguko 2,000 maji yakapishana sentimita 11. Injini nzima, isiyo na tatizo, ukiipima hivyo maji yanachezacheza tu au yanavutwa kidogo kwenda ndani. Sentimita 11 unaweza kuona ni kitu kidogo ila ni kitu kinachosukuma masaa yote, kinasukuma sili ya nyuma, kinasukuma gasketi za sampu (bakuli la oili chini ya injini), kinazuia oili isishuke vizuri, na kinabeba ukungu wa oili mpaka kwenye kabureta. Kwa kujiridhisha nikachomoa ule mpira unaotoka kwenye kava la tapeti kwenda kwenye kiwiko cha kabureta nikauingiza kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatembea Tabata mpaka Pugu na kurudi, chupa ikarudi na oili urefu wa kidole chini. Hiyo yote ilikuwa inaungua!

Sababu? Kifuniko cha kujazia oili cha hii injini ndani kina nyavu za waya, ndio pua ya injini. Za mzee zilikuwa zimegeuka lami. Ukipuliza kwa mdomo haipiti hata pumzi. Na kava la tapeti nalo hivyo hivyo. Tukaloweka usiku kucha kwenye mafuta ya taa, asubuhi tukapiga upepo wa kompresa, vikatoka vimeng'aa. Kuna mtu alishauri tujaze steelwire ya kuoshea sufuria kwenye ule mpira ili "ikamate oili", nikamwambia vipande vya chuma vikinyofoka vinaenda moja kwa moja kwenye silinda, akanyamaza. Baada ya kusafisha maji kwenye mpira wa leveli yakapishana sentimita 3.

Ila kubwa kuliko lilikuja kwa bahati. Tulikuwa tunamwaga oili ili tuachane na ile namba 50 yenye dawa. Kitabu cha gari kinasema sampu ni lita 6, na filta inaongeza 0.85. Asubuhi ile kabla ya kumwaga kijiti kilisoma kimejaa barabara, sio zaidi. Tukamwaga kwenye ndoo ya rangi yenye alama, tukatoa na filta, nikahesabu mara mbili nikiwa sijaelewa. Lita 8 na nusu. Ikabidi nikishike kile kijiti vizuri kwa mara ya kwanza, nikapitisha kidole, katikati kuna kovu la weldi limepigwa msasa vizuri kabisa likapakwa na rangi. Ba'mkubwa akakumbuka, "aah, hicho kilikatika, kikaenda kuchomelewa pale njia panda". Mchomeleaji alikata sehemu iliyopinda akaunganisha ncha kwa ncha, kijiti kikapungua kama sentimita mbili. Kijiti kikiwa kifupi alama ya kujaa inakaa juu zaidi ya inavyotakiwa, kwa hiyo mzee kila siku anapima, anaona imeshuka, anajaza mpaka alama, na krenki inazama kwenye oili inaipiga kama mwiko kwenye uji. Povu na matone yanarushwa kwenye silinda, ringi zinazidiwa, inaungua, kesho kijiti kinasema imeshuka, anajaza tena. Miaka miwili.

Tukatia lita 6.85 za 20W-50 ya kawaida, tukasubiri dakika kumi, tukachora alama mpya kwa tupa kwenye kijiti pale oili ilipofika. Hapo hatujafungua hata bolti moja ya hedi. Mzee akaambiwa aendeshe kama kawaida na aandike. Wiki mbili, kilomita 840, lita 2. Yani lita moja kwa 420. Kutoka 180 mpaka 420 kwa mafuta ya taa, tupa na mpira wa kuazima.

Wengine wangeishia hapo na kusema kweli nilimwambia ba'mkubwa aishie hapo, gari ya miaka karibu hamsini lita kwa kilomita 420 unaishi nayo. Akaniuliza, "Arusha lita ngapi?" Nikapiga, kama tatu kwenda na kurudi. "Fungua."

Hedi ilienda mashine shop Gerezani. Fundi wa pale ni mzee wa maneno machache, nilimsalimia shikamoo akaitika marahaba macho yako kwenye hedi, akashika vali ya kuingizia ya silinda ya tatu akaitikisa kwa kidole gumba, ikacheza, akaitikisa ya pili ikacheza, akasema "hii ulikuwa unapikia". Sili za vali za kuingizia mbili zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo ikikaa juani, mbili hazikuwepo kabisa. Hazikuwepo! Ina maana kwenye ile overhoo hedi ilifunguliwa, ikafungwa, na mtu akaamua sili ni pambo. Tulibadilisha gaidi zote nane, zikapanuliwa kwa rima mpaka vali ikapita bila kucheza, sili mpya, na siti (pale vali inapokalia ikijifunga) zikakatwa upya. Kwa kuwa hedi ilikuwa mezani nilimwomba aangalie siti za ekzosi pia, maana injini hii ilizaliwa zama za petroli yenye risasi, na risasi ndio ilikuwa inalinda zile siti, kwetu Afrika kusini ya Sahara ilifutwa kufikia Januari 2006. Zilikuwa zimeliwa kidogo, akaweka siti ngumu mbili, ya pili na ya tatu.

Chini sasa. Sampu ikashushwa gari ikiwa hapo hapo uani juu ya mawe, pistoni zikatolewa kwa juu. Kuta za silinda zilikuwa zinang'aa kama glasi ya kunywea maji, unajiona pua. Mtu asiyejua anafurahi. Ukuta wa silinda hautakiwi kung'aa, unatakiwa uwe na mikwaruzo myembamba ya kupishana kama mkeka, pembe ya digrii 45 hivi, ile mikwaruzo ndo inashika oili kidogo ya kulainisha na ndo inasugua ringi mpya mpaka zikae sawa na ukuta. Fundi wa kwanza alitia ringi mpya kwenye glasi. Ringi haikukaa toka siku ya kwanza, na kuambiwa "inajizoesha" ilikuwa ni hadithi, haikuwa na kitu cha kuizoesha.

Halafu nikachukua pistoni ya tatu. Nyuma ya ringi ya oili kuna matundu, oili inayokwanguliwa ukutani inaingia kwenye yale matundu inarudi chini kwenye sampu. Yote yamejaa kaboni, moja tu lilikuwa linaonesha mwanga. Ringi inakwangua oili kisha oili haina pa kwenda, inafanya nini? Inapanda. Na bado. Ringi ya pili ya kompresheni kwenye seti hii uso wake umeinama kidogo, haujanyooka, ukingo wa chini ndio unaogusa ukuta kwa ukali, ili pistoni ikishuka ikwangue oili kwenda chini. Watengenezaji wanaandika TOP upande wa juu. Kwenye pistoni ya kwanza na ya tatu neno TOP lilikuwa linaangalia chini. Ringi imegeuzwa, kwa hiyo ukingo mkali uko juu, kila pistoni ikipanda inakomba oili inaipeleka kwenye moto. Ringi mpya kabisa, halali, ya bei, inafanya kazi ya koleo.

Nilimwonesha mzee. Aliishika akaisoma kwa miwani. Hakusema kitu, akaingia ndani akarudi na daftari akaandika.

Niongezee hapa jambo moja linalonikera, kila nikisimulia hiki kisa lazima mtu aulize kama midomo ya ringi (ule mwanya pale pete ilipokatwa) ilikuwa imepangwa mstari mmoja. Ilikuwa imeachana vizuri. Na hata ingekuwa mstari mmoja, ringi zinazunguka zenyewe injini ikifanya kazi, leo ziko hapa kesho kule. Mwanya wenyewe ndo wa kupima. Tulisukuma kila ringi ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, tukapima kwa fila (bamba jembamba la kupimia mwanya), tukalenga milimita 0.40, mbili zilikuwa zimebana tukazipiga tupa taratibu. Uchakavu wa silinda nao tulipima, tofauti ya juu na chini ilikuwa milimita 0.09, ilishawahi kupanuliwa zamani kwa saizi ya ishirini, yani inchi 0.020. Fundi wa mashine shop alitaka tupanue tena tuweke pistoni mpya. Mi nilikataa, mzee hasafirishi mkaa, ni gari ya Jumapili na safari mbili kwa mwaka, 0.09 ringi mpya inaimudu ikipewa ukuta mzuri. Unaweza kunibishia na sitakasirika.

Hona (kifaa cha kukwaruza ukuta wa silinda) ya mawe matatu kwenye drili, mizunguko ya polepole, mkono unapanda na kushuka haraka mpaka mikwaruzo ipishane, krenki imefunikwa matambara. Baada ya hapo kuosha, na hapa ndo kazi za watu wengi zinakufa. Petroli haitoi ule unga wa mawe, inausambaza. Tuliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga na brashi, tunafuta kwa kitambaa cheupe, kikitoka kijivu tunarudia, mara ya tano kikatoka cheupe. Na ukimaliza oili ipakwe papo hapo, hewa ya Dar na chumvi yake ukienda kunywa soda ukirudi silinda ishapata rangi ya chai.

Kuwasha kwa mara ya kwanza hatukuiacha inguruma uani. Ringi zinakaa kwa presha ya moto ikizisukuma kwenye ukuta, injini isiyo na mzigo haina hiyo presha. Ilipopata joto tu tukaiingiza Morogoro Road mpaka Mlandizi, gia ya tatu, kanyaga mpaka 60, achia mpaka 35, kanyaga tena, magari nyuma yetu yanapiga honi. Oili ya kawaida, hakuna dawa ya kopo. Baada ya kilomita 500 tukaimwaga, ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta, tukatia mpya.

Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Juni daftari lina kilomita 2,800, lita 2. Lita kwa 1,400. Mteremko wa Kimara hakuna wingu, kuna kaukungu ukiwa unatafuta. Kompresheni zote nne ziko kati ya 146 na 152. Mpira wa leveli sentimita moja na nusu. Gharama yote, hedi na gaidi na siti laki tatu na nusu, ringi na gasketi laki mbili na themanini, hona na oili na kuoshea laki moja na kidogo, ufundi tuligawana wenyewe kwa wali na samaki.

Kosa langu ni kwamba hedi na ringi tulifanya kwa pamoja, kwa hiyo toka 420 mpaka 1,400 siwezi kukwambia gaidi zilichangia ngapi na ringi ngapi. Ningefunga hedi kwanza nikatembea wiki mbili ningejua. Mzee hakutaka kufungua mara mbili na gari ni yake. Kwa moshi ule wa Kimara ningesema hedi ndo ilikuwa na sehemu kubwa, ila zile ringi za kugeuzwa kila nikizikumbuka nabadilisha mawazo.

Sili ya nyuma hatujaigusa. Ni ya vipande viwili, kuibadilisha ni kushusha gia boksi, na baada ya presha ya ndani kupungua imebaki inadondosha tu, lile tundu liko wazi na klachi haitelezi. Ba'mkubwa analaza boksi la katoni chini yake kila usiku na kwenye daftari kaongeza safu mpya ya matone. Juzi sita, jana tisa, leo asubuhi kanipigia kumi na moja, lakini anasema ya leo isihesabiwe, gari ililala imeinama.